Lorna na Ukurasa wa Mfuga Nyuki

Katika vilima vya kusini mwa Missouri, ukimtaja Lorna Stickley mbele ya mama yeyote anayesomesha watoto wake nyumbani, utamwona anabadilika uso. Wengine hutabasamu, wengine hununa, lakini hakuna asiyemjua. Ndiye mama wa vitabu. Alisoma kwa sauti mezani asubuhi, akasoma kwenye pikapu, akasoma hata uchungu wa kuzaa ulipomshika, mpaka nesi akamwambia jamani mama, weka kitabu chini, mtoto anakuja. Hadithi hiyo ya nesi aliisimulia mwenyewe kila mwaka, na kila mwaka nesi alizidi kupiga kelele.

Alizaliwa Lorna Pettibone, binti wa fundi wa kuchomelea vyuma aliyefuga nyuki nyuma ya karakana yake. Shule aliichukia mapema. Alipokuwa darasa la nne, mwalimu alimsimamisha mbele ya wenzake asome kwa sauti. Lorna kusoma alikuwa anajua vizuri sana, ila kwa hofu akababaika, darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akawaacha wacheke mpaka walipochoka wenyewe. Siku hiyo akiwa njiani kurudi nyumbani aliapa kwamba mtoto wake, akijaliwa kumpata, hatasimamishwa asome mbele ya mtu. Watu wengi huapa mambo utotoni na kuyasahau. Lorna hakuwa mtu wa kusahau.

Akaolewa na Dwight Stickley, dereva wa lori la chakula cha mifugo, mwanamume wa maneno machache na sahani mbili za chakula. Binti yao wa kwanza, Keziah, alipozaliwa, Lorna alimwambia mumewe kwamba huyu mtoto mguu wake hautakanyaga shule. Dwight akasema sawa. Asiyesema sawa alikuwa Opal, mama yake Dwight, aliyefundisha darasa la kwanza katika shule ya mjini maisha yake yote ya kazi. Wakwe hawa wawili walivumiliana kwa ajili ya chakula cha Jumapili, na hata hicho kilikuwa na mivutano yake.

Somo la nyumbani kwa Lorna lilikwenda hivi: mama anasoma, mtoto anasikiliza, kisha mtoto anasimulia alichosikia kwa maneno yake, na mama anayaandika. Hapo somo limekwisha. Akina mama wengi wa huko wanafundisha namna hiyo, na wana imani nyingine pia, kwamba mtoto asiharakishwe kusoma, atasoma mwenyewe akiwa tayari. Keziah, au Kezi kama walivyomwita, alikuwa na kipaji cha kusimulia ambacho hakikuwa cha kawaida. Mtoto wa miaka saba alikuwa akisimulia vita na dhoruba mpaka akina mama kanisani wanaacha kumenya viazi.

Alipofika miaka tisa bado alikuwa hajasoma mwenyewe, na Lorna alikuwa ameanza kuamka usiku kwa wasiwasi ingawa asingekubali kuutaja. Ndipo asubuhi moja Kezi akachukua kitabu chake kipenzi, akakaa kwenye zulia, akakisoma kutoka mwanzo hadi mwisho bila kujikwaa. Lorna alilia. Dwight alitumwa aiskrimu, na kabla haijayeyuka habari ilikuwa imefika kwa kila mama wa ushirika wao wa wanaosomesha nyumbani. Tangu siku hiyo suala la Kezi na kusoma likafungwa.

Lilijaribu kufunguka mara moja tu. Kezi akiwa na miaka kumi na mmoja, siku ya Sikukuu ya Shukrani, Opal alimpa kadi ya mapishi ya mchuzi akasema, "Hebu nisomee hii, mjukuu wangu, miwani sijui nimeiweka wapi." Miwani alikuwa ameivaa. Lorna aliipokonya ile kadi utafikiri inaungua.

"Mama Opal, mwanangu hapimwi kwenye nyumba hii. Si mnyama wa sarakasi."

"Nimeomba anisomee mapishi."

"Umemtega. Ukimtega tena, hutamwona."

Opal akafunga mdomo. Na Opal akifunga mdomo huwa ameufunga kweli.

Basi ikafika kiangazi ambacho Kezi alikuwa na miaka kumi na tano na masomo ya sekondari yakibisha hodi. Kwa watu hawa, mama ndiye mwalimu, ndiye mkuu wa shule, ndiye msahihishaji. Anatoa alama yeye, anaandika cheti yeye, anakitia sahihi yeye, na chuo kikuu kinakipokea. Ni madaraka makubwa kumpa mtu ambaye asubuhi hiyohiyo anatafuta soksi. Ushirika wao, ambao hukutana Alhamisi katika chumba cha chini cha kanisa, uliamua vijana wasome Kiingereza na fasihi pamoja, kozi moja nzito ya mwaka mzima. Na nani wa kuipanga kama si Lorna?

"Dada Lorna, tunakuachia vichwa vya watoto wetu," alisema Merrilee Vandiver, mwenyekiti wa ushirika. "Tafadhali usiwape vitu vyepesi. Asher wangu anachoka haraka na vitu vyepesi." Merrilee hakuwahi kukupa sifa bila kujikatia kipande chake.

Lorna akaipanga. Mwezi wote wa Julai meza ya jikoni haikuonekana kwa vitabu, na familia ikala magotini. Aliweka hadithi fupi za kuanzia, riwaya kabla ya baridi kuingia, tamthilia mbili za kuigiza, mashairi, na majira ya kuchipua ni insha ndefu ya utafiti. Alipanga mijadala, alipanga maswali. Ilikuwa kozi nzuri, hakuna atakayemnyima hilo. Alikwama mahali pamoja tu: kijana asome kurasa ngapi kwa wiki? Akizidisha, akina mama watalalamika kwenye simu siku nzima. Akipunguza, Merrilee atakohoa kile kikohozi chake. Lorna akaona dawa ni kupima. Ampe msomaji hodari ukurasa mmoja, ahesabu dakika, kisha awapunguzie kidogo wasio hodari. Na msomaji hodari kuliko wote alikuwa palepale jikoni, anamenya pichi za kutengeneza jamu.

Ukurasa aliutoa kwenye sanduku la marehemu baba yake, gazeti la zamani la wafuga nyuki ambalo mle nyumbani hakuna aliyewahi kulifungua. Lilikuwa na hadithi fupi ya mjane aliyebeba mzinga wa nyuki hadi kanisani siku ya mazishi ya mumewe. Juu ya hadithi palikuwa na tangazo la hatamu, lenye picha ya farasi.

"Kezi, njoo mara moja."

"Mama, nina pichi mpaka viwikoni."

"Nawa. Nataka usome ukurasa huu kimyakimya, halafu unisimulie. Nahesabu dakika."

Kezi akacheka. "Dakika? Umeshakuwa mwalimu wa shule? Bibi Opal akisikia atakuletea kengele yake."

"Acha uchokozi, soma."

"Si unisomee wewe tu. Mimi napenda sauti yako."

"Sauti yangu imechoka. Ni kwa ajili ya kozi, mwanangu. Kaa."

Lorna akazungusha saa ya jikoni ya kutegea keki, akaiweka mezani. Kezi akaketi, akainamisha kichwa. Macho yake yalitembea mstari hadi mstari, taratibu, vile macho ya msomaji yanavyotembea, na mama yake akamtazama kwa mapenzi akijisemea hii ndiyo kazi yangu ya miaka yote. Saa haijalia, Kezi akasukuma gazeti pembeni.

"Tayari."

"Ala! Mapema hivyo? Haya, simulia."

Kezi akafuta mikono, akakaa sawa. "Kulikuwa na mzee mmoja ambaye hakubakiwa na rafiki ila farasi wake. Watu wakamwambia muuze, umezeeka, yeye akakataa. Basi mvua ikanyesha wiki nzima, mto ukafurika, daraja likaondoka. Na ng'ambo ya mto kuna mtoto mgonjwa, na dawa iko kwa mzee..." Akaendelea hivyo, mikono inapanda na kushuka, farasi anaingia kwenye maji, maji yanafika shingoni.

Lorna alianza kwa kutabasamu. Kisha akadhani amempa karatasi siyo. Akalivuta gazeti, akaangalia. Mjane, nyuki, kanisa. Hakuna mzee, hakuna mto, wala tone la mvua. Akageuza nyuma, nyuma ni bei za asali. Akarudi mbele. Huku farasi wa Kezi anaogelea bado, na hadithi ni tamu, na haimo kabisa kwenye ile karatasi.

"Kezi. Nyuki wako wapi?"

Mikono ikasimama hewani. "Nyuki?"

"Hadithi ni ya nyuki."

"Aa, ndiyo, nyuki. Hao wanakuja mwishoni."

"Acha mzaha sasa."

"Sifanyi mzaha."

"Basi nisomee mstari wa kwanza. Kwa sauti."

Uso wa msichana ukapauka. "Mama, wewe si ulisema nyumba hii mtu halazimishwi kusoma kwa sauti?"

"Najua nilichosema. Soma."

Kezi akaweka kidole kwenye karatasi. "Siku... siku ya..." Akainua macho, na Lorna akaona kitu ambacho bila shaka alikuwa amekiona mara elfu bila kukiona. Binti yake haangalii karatasi. Anaangalia mdomo wa mama yake. Na midomo ya Lorna, bila kutumwa na mtu, ikajikunja yenyewe ikaliumba neno.

"Mazishi," akasema Kezi haraka. "Siku ya mazishi."

Lorna akafunga mdomo, akauminya. Kezi akangoja. Hapakutoka neno lingine. Walikaa hivyo, mmoja anatazama mdomo, mwingine ameufumba, mpaka saa ya jikoni ikalia na wote wawili wakaruka.

Alipigwa na butwaa Lorna, na butwaa lina ujinga wake. Maneno ya kwanza yaliyomtoka yalikuwa haya: "Lakini tulikula aiskrimu."

"Kile kitabu nilikuwa nakijua kwa moyo, Mama. Ulikuwa umenisomea kila usiku."

"Na vitabu vingine? Vyote hivi vya miaka yote?"

"Nasikiliza. Vingine viko kwenye simu, vinasomwa na watu. Vingine Tirzah ananisomea."

Tirzah, mdogo wake, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa mlangoni na ndoo ya mayai. Hakuwa na hata chembe ya mshangao. "Ndiyo, namsomea chumbani," alisema. "Yeye anafagia banda la kuku zamu zangu. Kwani ulikuwa hujui?"

Lorna alikumbuka alivyomsifu Kezi kanisani kwa moyo wa kumsaidia mdogo wake kazi za kuku. Akashika ukingo wa meza. Alihisi nyumba nzima, rafu zake zote nne za vitabu, imehamishwa usiku na kurudishwa kinyume.

"Kezi, mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Hapana. Hilo ningelikumbuka."

"Tulikuwa tunaokota mayai. Nilikuwa na miaka kumi. Nikakuambia Mama, herufi hazitulii, nikizishika hizi zile zinakimbia. Ukanibusu hapa," akagusa paji la uso, "ukasema usijisumbue, utasoma ukiwa tayari. Nikasema sawa, ngoja niwe tayari." Machozi yalikuwa yameanza lakini sauti ilibaki palepale. "Nimengoja, Mama. Kila siku ya kuzaliwa nafungua kitabu kwanza, naangalia kama nimekuwa tayari."

Lorna alimvuta mtoto kifuani na pichi zake zote, na hakukumbuka kama aliwahi kuona haya namna ile, hata siku ya darasa la nne.

Dwight aliporudi mchana alimkuta mkewe uani, anangoja lori lisimame. Akamwambia yote kwa mkupuo. Dwight akavua kofia, akaitazama kwa ndani.

"Mimi nilidhani unajua," alisema.

"Unasemaje?"

"Nikiwa naye kwenye lori, vibao vya barabarani havitazami. Nikimuuliza tumefika wapi, anatafuta tangi la maji au ghala la nani sijui. Nikasema labda mna mpango wenu."

"Mpango! Mtoto hasomi, nawe unakaa naye kwenye lori unasema labda mna mpango? Angekuwa anachechemea ungenyamaza?"

"Kama mke wangu angekuwa daktari, mpenzi, ningejua ameshamwona anachechemea." Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana liliuma. "Wewe ndiye mwalimu. Ningekuuliza ningeonekana nakushuku, kama Mama."

Sasa lisemwe na hili, maana ni la kweli na Lorna mwenyewe halifichi siku hizi. Alasiri hiyo alirudi mezani kwenye kozi yake, akashika penseli, na wazo likamjia likiwa limejipamba vizuri. Kezi anaweza kusikiliza riwaya zote. Anaweza kuongea na simu, simu ikamwandikia insha. Mijadala atawafunika wote. Alama ni za Lorna kutoa, cheti ni cha Lorna kutia sahihi, na katika jimbo zima hakuna mtu atakayekuja kugonga mlango kuuliza. Miaka minne ingepita hivyo, na Kezi angetoka na cheti kizuri asichoweza kukisoma. Lorna aliliona jambo hilo linavyowezekana, jinsi lilivyo rahisi, akaogopa. Akachukua ufunguo wa pikapu akaenda kwa mkwe wake.

Opal alikuwa anahifadhi maharage mabichi kwenye chupa, na sufuria ya mvuke inapiga mluzi.

"Mama Opal, Kezi hajui kusoma."

Opal hakugeuka. "Najua."

Lorna akakaa bila kukaribishwa. "Tangu lini?"

"Tangu ile kadi ya mchuzi. Aliishika vizuri sana, halafu akanitazama mdomo. Nimeona watoto wengi wakinitazama mdomo, mwanangu."

"Na ukanyamaza! Miaka yote hii! Bibi yake mzazi!"

Hapo Opal akageuka, kijiko cha mbao mkononi. "Uliniambia nini siku ile? Nimtege tena, sitamwona. Ndivyo ulivyosema, mbele ya bata mzinga wa sikukuu. Nikawa na mambo mawili: niseme nimkose, au nimwone ninyamaze. Nikachagua kumwona. Kila Jumapili namtazama yule mtoto anakula viazi vyangu, namwomba Mungu mama yake akasirike siku moja tu amwambie hebu soma. Unakuja jikoni kwangu kuniuliza kwa nini nimenyamaza?"

Mluzi wa sufuria ulikuwa unasema kwa niaba ya wote.

"Nina hasira na wewe ambazo haziishi leo," alisema Opal alipopumua. "Jumatatu nakuja. Si wa kwanza, wala si mjinga, usije ukaanza na hilo. Kuna vichwa vinapokea herufi kwa mlango mwingine, na mlango huo naujua. Itachukua muda."

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe umefanya ya kutosha. Chukua maharage." Akampa chupa mbili, zina joto bado.

Kabla ya Jumatatu ilikuwapo Alhamisi, na Alhamisi akina mama walikuwa wanangoja kusikia kozi. Lorna alimwendea Kezi bandani kwa kuku, palepale walipokuwa wakiokota mayai zamani.

"Nisipowaambia, nitakuwa nadanganya. Nikiwaambia, nitakuwa nimekusimamisha mbele ya watu. Niliapa sitakufanyia hivyo."

Kezi aliwaza, huku akimfukuza tetea kwa mguu. "Sema wewe hukujua. Hiyo ni yako, iseme. Yangu niachie mwenyewe."

Basi katika chumba cha chini cha kanisa, baada ya maombi na bakuli la viazi vya jibini, Lorna alisimama mbele ya watu na kozi yake nzuri mkononi, kama alivyosimama darasa la nne. Alisema, "Dada zangu, nimewapangia watoto wenu riwaya na tamthilia, na wiki hii nimegundua kwamba mimi mwenyewe sikuwa najua kama mwanangu anasoma au hasomi. Sikuwahi kuangalia. Nilimsikia anasimulia, nikadhani nimemsikia anasoma."

Vijiko vilisimama. Mama mmoja akasema "Yesu wangu" polepole. Merrilee akakohoa.

"Dada Lorna, hakuna haja ya kujidhalilisha. Umechoka. Watoto wetu wote wanasoma."

"Umejuaje, dada?"

"Nimejuaje? Asher huyu? Wiki iliyopita amenisimulia kitabu kizima, neno kwa..." Hakumaliza. Mkono wake ulikuwa umeinuliwa kuonyesha unene wa kitabu, ukabaki juu.

Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemsaidia. Lorna akatoa kwenye mkoba nakala za ukurasa wa mfuga nyuki. Akawaambia kozi haitaanza na riwaya. Itaanza na kila mtoto kukaa na mtu mzima mmoja, chumbani, bila hadhira, asome ukurasa asiowahi kuusikia, na mtu huyo asiwe mama yake. Akaweka nakala mezani karibu na pai, akakaa. Zilikwisha zote. Merrilee alichukua yake mwisho, akaikunja, akaikunja tena, akaitia mfukoni, na hakuaga mtu.

Jumatatu Opal alifika na sanduku la viatu lililojaa kadi za herufi. Kezi alipoziona alirudi nyuma.

"Bibi, mimi nina miaka kumi na tano."

"Na mimi nina sabini na nane. Tukae wote kabla hatujaanguka."

Kezi akacheka bila kutaka, akakaa. Walianza na sauti za herufi, wakaenda, wakarudi. Kisha Opal akauweka ule ukurasa mezani, akafunika mistari yote kwa kadi isipokuwa wa kwanza. Lorna alikuwa amesimama kwenye sinki, ameshika bakuli safi anaosha.

"Siku... ya..." Kezi akainua macho kumtafuta mama yake.

"Lorna," akasema Opal. "Nje."

"Sijasema kitu!"

"Mdomo wako umesema. Toka nje, mwanangu."

Akatoka, akakaa kwenye kiti cha kibarazani chini ya dirisha lililo wazi. Kimya kilikuja kupitia dirishani, kikakaa. Neno alikuwa analijua. Lilikuwa limemfika kwenye meno, linasukuma, na aliona wazi jinsi lilivyokuwa jambo la upendo kulitoa, na kwamba kwa upendo huohuo alikuwa amelitoa kila siku tangu mtoto huyu azaliwe, neno baada ya neno, asimwachie hata moja. Akaweka kiganja mdomoni. Kisha akaweka na cha pili juu yake.

Ndani, mtu alijikwaa kwenye sauti ya kwanza ya lile neno, akaiacha, akairudia. Akakosea. Opal hakusema chochote. Akarudia tena, kipande kwa kipande, kwa sauti ya kukwaruza isiyo na utamu hata kidogo, hakuna farasi ndani yake wala mto. "Ma," ilisema ile sauti. "Ma-zi. Mazi-shi."

Lorna hakuitambua mara moja. Alikuwa hajawahi kumsikia binti yake akisoma.